Maongozi ya Mungu na Hiari ya Mtu: Habari za Bukumbi

Katika nchi yetu hii ya ziwani liko neno lisilokauka midomoni mwa watu, nalo ni "shauri ya Mungu." Mtumbwi ukizama, shauri ya Mungu, mtoto akifa kwa homa naye hakupelekwa hospitali, shauri ya Mungu, mtu akimwacha mkewe, hata hilo nalo shauri ya Mungu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa maji, neno lile lilisikika tena makaburini Igoma. Hatuwalaumu waliofiwa, maana huzuni hutafuta pa kuegemea. Lakini meli ile ilipakiwa watu kupita kiasi, wala si malaika aliyewapakia.

Kwamba Mungu atawala yote, twasadiki. Kwamba mtu ana hiari yake, nalo twalisadiki. Namna mambo haya mawili yanavyokaa pamoja hatuna haja ya kuitafuta mbali, kwa kuwa historia ya misioni yetu yenyewe yatuonyesha.

Mapadre Weupe wa kwanza, wakiongozwa na Padre Léon Livinhac, walifika Kageye, kando ya ziwa, tarehe 30 Desemba 1878, baada ya safari ya miezi sita toka Bagamoyo. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakavuka kwenda Buganda, wakafika Februari 1879. Mkuu wao wa mbali, Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe mpaka afundishwe na kujaribiwa miaka minne. Wengi waliona muda huo mrefu mno, na hata leo wako wakatekumeni wanaonung'unika kwa miaka michache kuliko hiyo. Walakini agizo lile lilikuwa na maana: ubatizo usiwe wa kumfuata mfalme wala wa kutafuta nguo, bali mtu aseme ndiyo akijua anachokisema.

Novemba 1882 mapadre wakaondoka Buganda, kwa kuwa waliona hatari imewazunguka pale barazani kwa Kabaka Mutesa. Wakarudi kusini ya ziwa, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, katika nchi ya Mtemi Kamoga. Je, walikosa kuondoka? Waandishi wa historia hawapatani, nasi hatutaki kuamua. Tunajua tu kwamba hakuna aliyewalazimisha. Na tazama yaliyotokea: Wakristo wachache walioachwa bila padre, bila Misa, wakaanza kufundisha wenyewe. Yosefu Mukasa Balikuddembe alifundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa alifundisha jirani zake. Matia Mulumba Kalemba alifundisha huko Mityana. Padre Lourdel aliporudi Julai 1885, kwa mwito wa Kabaka mpya Mwanga, alikuta kundi kubwa kuliko lile aliloliacha. Sisi makatekista twaweza kujisifu kidogo hapa.

Ndipo yakaja mateso. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa. Mei 1886, huko Munyonyo, Mwanga aliwaamuru vijana wake wanaosali wajitenge na wasiosali. Karoli Lwanga akaenda wa kwanza, wenzake wakamfuata. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa wa jamaa ya Mukajanga, mkuu wa wauaji, naye Mukajanga alimsihi sana akane au akubali kufichwa. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, akakataa kupita. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Wale Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso hayo walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Hapa wanafunzi hutuuliza, nasi twapenda waulize: "Mwalimu, kama Mungu alitaka Kanisa likue kwa damu ile, Mwanga alikosa nini? Si alitimiza shauri ya Mungu?" Twawajibu hivi. Mungu hakumtia Mwanga ukatili moyoni. Ukatili ule ulikuwa wake mwenyewe. Ndugu zake Yusufu walipomwuza Misri walitenda dhambi kweli, ingawa Mungu aliigeuza safari ile kuwa wokovu wa wengi wakati wa njaa. Kugeuza ubaya kuwa wema ni kazi ya Mungu. Kuutenda ubaya si kazi yake. Na kwa upande wa wema, Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba mtu hawezi kumwelekea Mungu pasipo neema, tena kwamba neema hiyo aweza kuikataa. Mbaga hakusimama kwa nguvu zake peke yake. Hata hivyo, aliyesimama ni yeye.

Habari iliyobaki ni ya ajabu zaidi, nayo ilitendeka hapa kwetu. Septemba 1888 Mwanga aliondolewa katika enzi yake, akakimbilia kusini ya ziwa. Akakaa kwanza Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, wakamtendea vibaya. Mwishowe akaomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadre wale wale ambao aliwaua wanafunzi wao. Wangeweza kumfukuza, wala hakuna mtu ambaye angewashangaa. Wakampokea, wakampa mahali pa kukaa na chakula.

Tena wangeweza kumbatiza. Mfalme alikuwa mikononi mwao, mnyonge, mwenye hofu, tayari kuahidi mengi. Hawakumbatiza. Mwaka 1889 aliondoka Bukumbi kwenda kuitafuta enzi yake, naye hajabatizwa bado. Alibatizwa baadaye sana, kwa Waanglikana, akaitwa Danieli, alipokuwa amehamishwa na Waingereza kwenda visiwa vya Shelisheli. Huko ndiko alikofia, tarehe 8 Mei 1903.