Uamsho wa Afrika Mashariki na Swali la Bibi

Kamati ya jarida ilitupa kazi ya kuandika juu ya historia ya dini kwa wasemaji wa Kiswahili, na tulidhani ni kazi ya wiki mbili. Sisi ni wanne. Tumezaliwa au kulelewa hapa Birmingham, wazazi wetu walitoka Bukoba, Nairobi, Kampala na Bukavu, na Kiswahili chetu, kama walimu wetu wajuavyo, ni cha jikoni na cha simu za Jumapili. Tulipanga kuandika juu ya tafsiri za Biblia: Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, Askofu Steere wa Unguja, kisha Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Mada safi, yenye tarehe nyingi.

Kilichobadilisha mpango ni bibi wa mmoja wetu, aliyekuja kutoka Kagera kukaa na wajukuu wakati wa kiangazi. Tulikwenda Handsworth kumsalimia na kumwuliza Biblia ya zamani ilisomekaje. Alijibu vizuri tu, kisha naye akatuuliza: "Wajukuu zangu, mara ya mwisho Neno kukukemea wewe mwenyewe, si jirani yako, ilikuwa lini?" Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu alicheka, tukanywa chai. Lakini ndani ya basi kurudi mjini tulikuwa kimya, na tulipouliza baadaye tuliambiwa kwamba swali hilo ni la kawaida kwa watu wa Ushirika, yaani watu wa Uamsho. Kwa hiyo tunaandika juu ya Uamsho.

Tulianzia karibu na nyumbani. Kumbukumbu za shirika la wamisionari la CMS zimehifadhiwa katika chuo chetu, kwenye maktaba ya Cadbury Research Library, ndani ya Muirhead Tower, jengo tunalopita kila siku tukikimbilia darasani. Humo unaingia na penseli tu; kalamu ya wino na begi vinabaki nje. Tulitarajia kusikia sauti za mababu zetu. Tulichokuta kwanza ni mikono ya Wazungu wakiandikia makao makuu London, na Waafrika wakitajwa kwa jina moja moja, au kwa kazi yao tu: mwalimu, mpishi, mwinjilisti. Isitoshe, karatasi za Dakta Joe Church, mmoja wa watu wawili wa mwanzo wa habari hii, ziko Cambridge, haziko hapa. Basi yafuatayo ni yale tuliyoyakusanya kwenye vitabu na kwa wazee, si ugunduzi wetu.

Mwaka 1929 Joe Church, daktari kijana aliyesomea Cambridge, alikuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya ziwa Muhazi. Njaa kubwa ilikuwa imepita hapo na kuua watu wengi, naye alikuwa amechoka mwili na imani. Akaenda Kampala kupumzika. Mwezi Septemba, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda msomi aliyekuwa na kazi serikalini. Walikaa pamoja siku mbili na Biblia zao, wakifuata mafungu yanayozungumzia Roho Mtakatifu, moja baada ya jingine, na kila fungu wakijiuliza kama jambo hilo lipo kwao. Hapakuwa na mkutano wa hadhara wala kipaza sauti. Mweupe na mweusi walikaa wakisoma kama watu wenye upungufu mmoja, na katika Uganda ya ukoloni ya mwaka ule hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Church naye aliandika kitabu cha mafunzo chenye kichwa kinachosema kwamba kila mtu awe mwanafunzi wa Biblia.

Hapa lazima tuseme neno juu ya kusoma. Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, kwa sababu kuwa Mkristo na kujua kusoma vilikwenda pamoja. Pwani pia, mtoto akienda chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani watu husema amekwenda kusoma. Hadi kufikia 1929 kanisa la Uganda lilikuwa na wasomaji wengi mno. Malalamiko ya Nsibambi na wenzake yalikuwa kwamba watu hao walisoma, wakabatizwa, wakapewa vyeo, huku nyumbani mambo yakiendelea kama zamani: deni halilipwi, mke anapigwa, pombe inapikwa nyuma ya nyumba ya mwinjilisti. Walisoma kitabu kama cheti.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini. Mwaka 1935 alijitenga kwa siku kadhaa kuomba na kusoma, akatoka mtu mwingine. Alifariki Januari 1936 kwa homa, akiwa kijana bado, kabla ya kusimama mbele ya sinodi kusema aliyokusudia. Neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani amka, likachukuliwa na kanisa lote.

Kutoka hapo moto ulienea: Kigezi, Ankole, Burundi, kisha Kenya na Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu waliitwa Balokole, waliookoka. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, hata leo huimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiganda; wazazi wetu watatu kati ya wanne wanaujua. Lakini kilichowatofautisha ni mkutano wa wiki. Waliita kutembea nuruni, kutoka waraka wa kwanza wa Yohana. Fungu linasomwa, kisha kila mmoja anasema limemgusa wapi. Si maelezo ya Kiyunani, si mahubiri. Aliyeiba shoka analitaja shoka. Watu walirudisha ng'ombe, majembe, nauli za reli. Festo Kivengere, ambaye baadaye alifundisha Dodoma na kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia mara nyingi jinsi alivyofunga safari ndefu ya baiskeli kwenda kumwomba msamaha mmisionari Mzungu aliyekuwa akimchukia. Wakati huo, kwa desturi, Mwafrika alimwomba Mzungu msamaha kwa kuogopa. Huyu alikwenda kwa sababu nyingine, na pia hakuficha kwamba alikuwa amemchukia.

Wakubwa wa kanisa hawakufurahi wote. Mwaka 1941, katika chuo cha uchungaji cha Mukono, wanafunzi wa Uamsho waliamka kabla ya mapambazuko kuomba, wakawakemea walimu wao kwa ulegevu, wakakataa kuacha walipoamriwa. Wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao. Tulibishana sana juu ya hili. Mmoja wetu anasema walionewa. Mwingine anasema kijana anayemwamsha mkuu wa chuo alfajiri kumwambia dhambi zake, za mkuu si zake, ameshaacha kujichunguza. Hatukupatana, na tunawaachia walimu.

Kenya, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu wa Uamsho kule Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti, na baadhi waliuawa. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika Uamsho, aliuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin, na Kivengere akakimbia nchi. Tanzania, Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa Ushirika, alichaguliwa mwaka huohuo wa 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Wasomaji wanaotaka majina makubwa, hao wapo. Sisi tulivutwa zaidi na shoka.

Tena hatutaki kuandika historia ya watakatifu. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012, anaonyesha kwamba maungamo ya hadharani yaliwatisha wazee na machifu kwa sababu yalivunja heshima za nyumba. Mtu akiungama uzinzi, anaungama na mtu wa pili, ambaye huenda hakuombwa ruhusa. Bibi, tulipompigia kumwuliza, alikubali mara moja. Alisema wako waliojifunza kuungama vizuri kama wengine wanavyojifunza kuimba. Na kuna jambo zito zaidi. Gahini iko Rwanda. Nchi ambako moto huu uliwaka ndiyo iliyoingia katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Wako waliokufa wakikataa kumtenga ndugu Mtutsi na Mhutu, na hao waheshimiwe. Lakini tunadhani wengine walijichunguza juu ya wizi na pombe na uongo, wakaacha chumba kimoja kimefungwa: namna walivyofundishwa kumwona jirani wa kabila jingine. Mtu anaweza kushika taa vizuri na kuielekeza upande mmoja tu. Tunasema hivi kwa woga, maana sisi hatukuwapo.

Baada ya kuandika hayo tuliona aibu kuishia hapo. Mwezi Februari tulikaa mara tano, jioni, jikoni kwa mmoja wetu kule Selly Oak, na waraka wa Yakobo, ule wenye mfano wa mtu anayejitazama kwenye kioo kisha akaenda zake. Tulisoma Kiswahili kwanza, polepole, bila kufungua Kiingereza. Hilo lilisaidia kuliko tulivyotegemea: kwa Kiingereza mafungu haya tumeyasikia tangu utotoni yakapita, kwa Kiswahili tulilazimika kusimama kila mstari. Rafiki yetu wa klabu ambaye ni Mwislamu alikaa nasi mara mbili akatuambia kwao jambo hili huitwa muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Tuliweka sharti moja, tukikumbuka Peterson: hakuna kumtaja mtu mwingine.

Mara ya kwanza tulisema mambo mepesi, uvivu, simu, kuchelewa. Mara ya tatu, tulipofika kwenye ulimi, mmoja wetu alisema bado hajawaambia wazazi wake kwamba anarudia mwaka, na kwamba kila Jumapili huwaombea mbele yao kwa sauti nzuri. Alikwenda nyumbani kwa treni Ijumaa ile. Yaliyosemwa huko si ya jarida.

La pili ni la jarida, kwa kuwa ni lenu. Novemba iliyopita wawili kati yetu tulisimamia meza ya maandazi na chapati kuchangia mfuko wa klabu. Tulitoa hesabu pungufu kwa paundi 38. Nyingi zilikwenda kwenye teksi usiku ule, mvua ikinyesha, na tulijiambia kwamba tumefanya kazi kuliko wengine. Tulijadili kama kuliandika hapa ni kujionyesha. Bibi alisema: "Lipeni kwanza, ndipo muandike." Mweka hazina amepokea paundi 26, 12 zilizobaki tutamkabidhi mwisho wa mwezi, mshahara wa dukani ukiingia.