Ombi na Jibu: Kutoka Hati za Kilindini

Msomaji, ukisimama kivukoni Likoni utaziona meli zikiingia Kilindini polepole. Shehena haishuki kwa maneno ya mdomo. Hutanguliwa na hati isemayo nani apeleka, nani apokea, na nini kimo ndani. Zamani hati hizo zilichukuliwa kwa mkono ofisi hata ofisi. Mwaka 2005 forodha ilianza kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, na mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa. Tangu hapo ombi la karani laweza kufika Ulaya na jibu kurudi kabla hajainua kikombe chake cha kahawa.

Je, ombi hilo lina umbo gani? Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN karibu na Geneva, alilifanya mstari mmoja tu: neno GET na jina la ukurasa. Jibu lilikuwa ukurasa mtupu. Hata kosa liliandikwa kama ukurasa, mashine isiweze kulitambua. Kanuni zilizochapishwa mwaka 1996 zilieleza ujumbe wenye vichwa na mwili, na jibu lenye tarakimu: 200 ni heri, 404 kilichotafutwa hakikuonekana.

Walakini ndani ya programu ujumbe huo ulivunjwa tena. Katika lugha ya PHP vipande vya ombi viliwekwa wazi kama bidhaa sokoni, kila sehemu ya programu ikaweza kuvigeuza. Tuseme ombi la kutoa kontena lapita mikono mitatu, na wa pili akageuza namba ya kontena iliyo katika anwani. Wa tatu atalitoa kontena la mtu mwingine, wala hapana atakayejua kosa lilizaliwa wapi.

Huko Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wamekwisha kuonyesha, kwa lugha yao Simula ya mwaka 1967, kwamba programu yaweza kujengwa kwa vitu, kila kimoja na sifa zake na kazi zake. Mwaka 2015 waandishi wa PHP wakapatana, katika kanuni iitwayo PSR-7, kwamba ombi ni kitu kimoja na jibu ni kitu kimoja, na kikishaumbwa hakibadiliki. Atakaye kurekebisha hupewa nakala mpya. Ya kwanza hubaki kwa aliyeishika, nawe waweza kuzilinganisha.

Mwili wa ujumbe peke yake haukufungwa hivyo. Husomwa kama maji yapitavyo mferejini, na sehemu moja ya programu yaweza kuumaliza kabla nyingine haijausoma. Mimi naliona hilo kuwa pengo, ingawa sababu yake yaeleweka: faili kubwa haiwezi kunakiliwa kila inapoguswa.