Homa Imekwisha, Nguvu Hazijarudi: Mazoezi Yapi, kwa Nani?

Mapema mwaka 2018, chikungunya ilipokuwa ikipita nyumba hadi nyumba hapa Mombasa, mimi nami ilinipitia. Homa ilikaa siku nne. Viungo vilikaa miezi saba. Asubuhi nilikuwa nikishuka ngazi kinyumenyume huku nimeshika ukuta, na vifungo vya shati nikifungiwa na mke wangu. Kilichonitoa hapo ni mwendo. Kila baada ya sala ya alfajiri nilitembea, mwanzo mpaka kona ya mtaa tu, na mwisho nikawa nafika Mama Ngina na kurudi.

Basi shemeji yangu, fundi seremala, alipopata korona mwaka 2021 na homa ikamwachia uchovu usiokwisha, nikajitia daktari. Nilimgongea mlango alfajiri. "Shemeji, inuka. Jasho likikutoka, na ugonjwa utatoka." Akanifuata kwa heshima. Tukatembea karibu saa nzima na akarudi kwa miguu yake, hata akanywa chai akicheka. Nikajiona hodari. Kesho yake hakufungua karakana. Keshokutwa hakuweza kukaa kitandani akala. Mwanga wa dirisha ulimuumiza macho, na maneno mepesi yalikuwa yakimpotea mdomoni. Siku tisa. Alipopata nafuu nikamtoa tena, nikidhani ni uvivu unaotaka kuvunjwa, na yakawa yale yale. Mtaani walishaanza kunong'ona habari za husuda.

Mwisho alionana na mtaalamu wa fiziotherapia. Yule bibi hakumwuliza alitembea masafa gani. Alimwuliza, "Siku ya pili na ya tatu baada ya kutembea, hali yako ilikuwaje?" Laiti swali hilo ningalilijua mimi. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata, na ninaandika haya kwa sababu najua katika mitaa yetu bado kuna mtu anayegongewa mlango alfajiri na jamaa anayempenda.

Jambo la kwanza ni kwamba kubaki na maradhi baada ya virusi kuondoka si ugonjwa mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake ya korona ya muda mrefu Oktoba 2021: dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi 3 tangu kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na hazina sababu nyingine. Lakini ndani ya jina hilo moja kuna watu mbalimbali. Yuko aliyelala hospitali wiki kadhaa akipewa oksijeni, misuli ikayeyuka kwa kulala. Yuko ambaye mapafu au moyo wake umeguswa. Na yuko kama shemeji yangu, ambaye hakulazwa hata siku moja lakini kila akijitumikisha anaporomoka. Sisi wa pwani tuna wa nne: mtu wa chikungunya, ambaye nguvu anazo ila viungo vimekaza.

Huyu wa nne nianze naye, maana ni wetu hasa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kujipinda, na ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Lamu waliupata mwaka 2004, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa karibu watu 3 kati ya 4 mjini humo walikuwa wameambukizwa. Ulikuwa wakati wa kiangazi, watu wameweka maji majumbani kwenye mapipa na mitungi, na mbu akapata pa kuzalia. Kutoka huku kwetu ulivuka ukafika Visiwa vya Ngazija na Réunion. Wengi hupona kwa wiki moja au mbili. Wengine vifundo vya mikono, vidole, magoti na vifundo vya miguu huendelea kuuma miezi, hata miaka.

Kwa viungo hivi, mwendo ni dawa kweli. Huko Recife, Brazil, ambako chikungunya iliwasumbua sana, watafiti waliwachukua wagonjwa 51 wenye maumivu ya muda mrefu. Kundi moja likafanya mazoezi ya Pilates mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, jingine likaendelea na matibabu ya kawaida. Waliofanya mazoezi maumivu yao yalipungua na viungo vikalainika zaidi. Huhitaji kwenda Brazil. Asubuhi tia mikono katika maji ya uvuguvugu, kunja ngumi na kuifungua taratibu, zungusha vifundo, nyoosha goti ukiwa umekaa. Viungo vikishazoea, ongeza uzito kidogo: chupa ya nusu lita ya maji mkononi, au kuinuka kitini na kukaa tena bila kujishika, mara tano, kisha mara nane. Na bahari tunayo bure. Kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani, mahali patulivu pasipo mkondo, huupunguzia mguu uzito wa mwili, na maji yenyewe yakawa ndiyo kazi ya misuli. Wazee wetu waliopenda kwenda kujitia baharini hawakukosea.

Kipimo ni saa mbili. Ikiwa saa mbili baada ya mazoezi kiungo kinauma zaidi ya kilivyokuwa kabla, ulizidisha. Kesho punguza, usiache. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto kipumzishwe, kikunjwe na kunyooshwa tu bila uzito. Na kama uvimbe umeshikilia miezi, onana na daktari akuangalie baridi yabisi, kwani hufanana. Hili la kununua vidonge vya maumivu dukani kila wiki, mwaka mzima, limewaachia watu vidonda vya tumbo na figo mbovu.

Aliyedhoofika kwa kulazwa naye mazoezi humfaa, kwa hatua. Uingereza walifanya jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2024, watu 585 waliokuwa wamelazwa kwa korona miezi 3 au zaidi nyuma. Waliopata wiki 8 za mazoezi ya pamoja kwa mtandao, pamoja na mazungumzo ya kuwatia moyo, hali yao ya maisha iliimarika kuliko wenzao waliopewa ushauri wa mara moja. Kijitabu cha Shirika la Afya Duniani kwa waliougua korona kina hatua tano, kuanzia kuvuta pumzi na kujinyoosha mpaka kurudia mazoezi yako ya zamani, na kila hatua ukae angalau siku 7. Uzito wa kazi unajipimia mwenyewe kutoka 0 mpaka 10: sifuri ni kukaa kitako, kumi ni kufikia kikomo chako. Hatua ya kwanza haipiti 1. Ukiweza kutamka sentensi nzima huku ukitembea, bado uko salama. Ukikatika katikati ya sentensi, umekimbilia mbele.

Kijitabu hicho hicho kinasema usianze ngazi hizo ikiwa dalili zako hurudi kwa kishindo baada ya juhudi. Hapo ndipo nilipomwumiza shemeji.

Kuporomoka huku kuna alama zake. Hakuji papo hapo. Hukawia saa kadhaa, mara nyingi siku moja au mbili, ndipo mtu na jamaa zake wasiunganishe kisa na sababu. Hakulingani na kazi iliyofanywa: kuoga, kupanda ghorofa mbili, hata kukaa harusini na kuzungumza na watu kunaweza kutosha. Wala si uchovu tu, bali akili kufunga ukungu, usingizi usioburudisha, koo kuuma, kichwa kugonga. Na kulala usiku mmoja hakukuondoi.

Wala si mawazo ya mgonjwa. Watafiti wa Amsterdam waliwapandisha baiskeli ya mazoezi wagonjwa 25 wa korona ya muda mrefu na watu wazima wa afya 21, wakachukua vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na siku moja baada. Kwa wagonjwa, msuli ulionyesha madhara yaliyozidi baada ya zoezi, na sehemu za seli zinazotengeneza nguvu zilifanya kazi chini zaidi. Matokeo yalitoka Januari 2024. Ukimwambia mtu wa namna hii ajikaze, unamwambia autumikishe mwili ambao siku ya pili utamdai mara mbili.

Madaktari nao waliwahi kushika njia yangu. Mwaka 2011 huko Uingereza jaribio la watu 641 wenye ugonjwa wa uchovu sugu, ambao mara nyingi huanza baada ya maambukizi, lilisema kuwa kuongeza mazoezi kidogo kidogo kwa ratiba kunasaidia. Wagonjwa walilalamika miaka kumi kwamba wanaumizwa, na namna matokeo yalivyohesabiwa ikakosolewa vikali. Oktoba 2021 mwongozo wa taifa hilo ulibadilishwa: wagonjwa hao wasipewe tena ratiba ya kuongeza mazoezi bila kujali hali zao.

Badala yake ni kuishi ndani ya kipato cha nguvu zako. Shemeji alipewa daftari, akaandika wiki mbili alichofanya na alivyoamka siku zilizofuata, ndipo akajua kiwango chake: dakika ishirini za kazi nyepesi, kisha kulala chali robo saa, kabla ya kuchoka wala si baada. Alipiga randa akiwa amekaa kwenye stuli. Mbao za kubeba akampa kijana. Akaswali akiwa kitini, na dini yetu imemruhusu mgonjwa waziwazi, ingawa wapo waliomtazama kwa jicho la pembe msikitini. Hata kuoga aliwekewa kigoda. Siku njema ndiyo yenye hatari, kwa sababu mtu hutaka kulipa madeni yote ya kazi siku hiyo.

Wengine huzidiwa kwa kusimama: moyo unadunda mbio, macho yanaingia kiza. Mapigo yakiongezeka 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 za kusimama, mwambie daktari. Watu hawa huanzishiwa mazoezi wakiwa wamelala au wamekaa, na habari ya kuongeza maji na chumvi waiulize kwanza, hasa mwenye presha.

Wapo ambao hawafai kuanza lolote mpaka waangaliwe. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi umekaa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kushuka unapojitumikisha: haya ni ya hospitali, na leo. Aliyeambiwa moyo wake ulivimba kwa virusi huzuiwa mazoezi mazito miezi 3 hadi 6, hata ajisikie mzima vipi. Namkumbuka kila nionapo vijana wanarudi uwanjani siku tatu baada ya homa kali.

Ukienda kwa daktari, nenda na daftari. Ukisema "nachoka" utaandikiwa vitamini. Ukisema "Jumanne nilifua nguo nusu saa, Alhamisi sikuweza kuinuka, Jumapili ndipo nikapata nafuu", umempa jambo la kushika.

Shemeji sasa hufungua karakana asubuhi na kufunga adhuhuri. Stuli bado iko pale. Juzi nilimkuta ametembea mwenyewe mpaka sokoni, amekaa kivulini kwa muuza madafu akipumzika, na mfuko wa samaki miguuni. Nilikaa naye mpaka aliposema yuko tayari.