Nyara za Serikali

Nilikuwa darasa la nne, mwishoni mwa miaka ya 1970, baba yangu mkubwa alipopelekwa gerezani kwa kosa la kupatikana na nyama ya nyumbu. Kijiji chetu kiko upande wa Mugumu, mwendo wa nusu siku kwa miguu toka mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katika shtaka alilosomewa nakumbuka maneno mawili tu, kwa kuwa watu wazima waliyarudia jioni ile yote: nyara za serikali. Sisi watoto tulijua kwamba nyara ni kitu anachochukua mshindi vitani. Tukaulizana: vita hiyo ilipiganwa lini, na aliyeshindwa ni nani?

Swali lile la kitoto nimelibeba miaka mingi. Ndugu msomaji, nataka kulijibu kadiri ya uwezo wangu.

Kwanza tukubaliane kwamba miiko ya wanyama ilikuwapo kabla ya serikali. Koo za Wakuria wa Tarime zina wanyama wao wa mwiko. Wengine chui, wengine punda milia. Waikoma wana Machaba, yaani pembe za tembo zilizo alama takatifu ya kabila zima. Nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba aliyekuta mnyama katika mtego wa mwenzake hakuruhusiwa kumgusa hadi mwenye mtego aitwe. Hata hivyo tusijidanganye. Pembe za ndovu ziliuzwa pwani muda mrefu kabla ya Wazungu kututawala, na walioziuza hawakuwa malaika.

Sheria ya maandishi ililetwa na Wajerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai vibali na kutenga mapori ya kwanza ya akiba katika koloni. Baadaye Wajerumani walijenga ngome yao Ikoma. Waingereza nao wakatunga sheria ya wanyama mwaka 1921, na mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ikafanywa pori la akiba. Mwaka 1951 ikawa Hifadhi ya Taifa yenye mipaka yake.

Ubishi mkubwa wa miaka ya 1950 ulihusu Wamasai na mifugo yao. Ulimalizika mwaka 1959 kwa kuigawa nchi: Ngorongoro ikatengwa ili Wamasai waishi humo pamoja na wanyama, na Hifadhi ikafidiwa kwa kuongezewa ardhi upande wa kaskazini, hadi mpaka wa Kenya. Miaka ya 1960 ikaongezwa na Lamai, ng'ambo ya mto Mara. Mwaka huohuo wa 1959 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu na kitabu vilivyoifanya Serengeti ijulikane dunia nzima. Mwanawe Michael alikuwa amekufa huko mwezi Januari, ndege yake ilipogongana na tai. Dunia ilizisikia habari za nyumbu. Ilizisikia kidogo habari za Wamasai. Habari za wawindaji wa magharibi na wakulima wa kaskazini, ambao ardhi yao ndiyo iliyotumika kufidia, karibu hazikusikika kabisa.

Uhuru haukubadili mkondo huo. Mwezi Septemba 1961, huko Arusha, Mwalimu Nyerere, ambaye naye ni mwana wa Mara, aliahidi kwamba nchi itawatunza wanyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ikapitishwa mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 ikashika nafasi yake.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wenzangu wa nyumbani hawapendi kulisikia. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, watalii walipungua na fedha za doria zikapungua. Katika miaka iliyofuata nyati wa kaskazini mwa Serengeti walichinjwa kwa maelfu, tembo wakabaki mamia machache, na faru wakakaribia kwisha. Kazi hiyo haikufanywa na wageni peke yao. Baba yangu mkubwa alitega waya, na waya hauchagui: humnasa nyumbu wa kitoweo, humnasa pia simba, na mnyama hufa kwa siku mbili. Operesheni Uhai ya mwaka 1989, pamoja na marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe za ndovu iliyopitishwa mwaka huohuo, ndizo zilizowaokoa tembo. Bila sheria, leo tungekuwa tunabishana juu ya pori tupu.

Kwa hiyo siombi sheria ifutwe. Ninachouliza ni wajibu wa mwenye mali. Kwetu, ng'ombe wangu akiingia katika mtama wa jirani, wazee hukaa, hupima hasara, nami hulipa. Nikisema ng'ombe ni wangu, basi na makosa yake ni yangu. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, inayomtaka kila afugaye amlishe mnyama wake na asimtese. Umiliki na wajibu vimefungwa kamba moja.

Lakini tembo wa serikali akimaliza shamba kwa usiku mmoja, mkulima halipwi fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliita malipo hayo kifuta jasho, na kwa aliyeuawa, kifuta machozi. Cha aliyeuawa kiliwekwa shilingi milioni 1. Shamba lililo chini ya nusu kilomita toka mpaka halikustahili kitu. Waliochagua majina hayo walikuwa waungwana kuliko aliyechagua neno nyara, lakini mwenye deni hafuti machozi, hulipa.

Yapo mabadiliko, nami nayapokea kwa moyo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu vijiji kuunda jumuiya za kuhifadhi na kunufaika na wanyama, na wilayani Serengeti vijiji vitano, Robanda na Nata vikiwamo, vikaunda Ikona. Huo ni mwanzo wa kumrudisha mwanakijiji katika kiti cha mwenye mali.

Baba yangu mkubwa alirudi toka gerezani na hakutega tena. Uzeeni alilinda mahindi yake usiku kwa debe na kijinga cha moto. Usiku mmoja nililala naye dunguni, tembo wakaja. Alipiga debe hadi mikono ikamchoka, kisha akasimama akawaambia, bila hasira, kama mtu anayemfukuza ng'ombe wa jirani: "Rudini kwa mwenyewe."

Wakasogea kidogo, wakaendelea kula.