Rekodi Zinazotungoja

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlioko darasani leo,

Kila nirudipo Kewanja huwaona watoto wakienda shule mbio, nami hulikumbuka deni letu katika riadha.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Hakumngoja mtu, aliongoza tangu mlio wa bastola mpaka mwisho. Sebastian Coe wa Uingereza aliivunja rekodi hiyo mwaka 1979, lakini ile ya taifa ingali ya Bayi. Ndivyo ilivyo pia katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji: dakika 8 na sekunde 12.48, Moscow, 1980, alipopata medali ya fedha.

Katika michezo hiyo hiyo, mwana wa mkoa wetu, Suleiman Nyambui wa Majita, alipata fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tangu hapo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Barabarani tumesonga mbele: mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Uwanjani bado tumelala.

Wenzangu, tuinunulie shule saa ya kupimia mbio na daftari la kuandikia muda wa kila mkimbiaji. Mbio zisizoandikwa husahauliwa. Nanyi vijana, Majita si mbali. Shime!