Ngao ya jirani: askari wa Ugiriki ya kale ndani ya gemu za vita

Vijana wengi wanaotusikiliza wamewahi kumwona hopliti bila kujua jina lake. Ni yule askari wa Ugiriki ya kale mwenye kofia ya shaba inayofunika uso, mkuki mkono wa kulia na ngao kubwa ya duara mkono wa kushoto. Yumo kwenye filamu, na yumo zaidi kwenye gemu za mikakati, yaani zile ambazo mchezaji haongozi mtu mmoja bali jeshi zima au taifa zima. Wengine wamemkuta kwenye simu, wengine kwenye kompyuta ya kibanda cha gemu mjini.

Hapa tunataka kueleza jambo moja: je, anachokiona kijana kwenye kioo ndicho kilichokuwa vitani? Kwa wengi wao gemu ndiyo kitabu pekee cha historia ya Ugiriki watakachowahi kukifungua, kwa hiyo swali hili lina uzito wake.

Ngao yenyewe

Wagiriki waliiita aspisi. Upana wake ulikuwa kama sentimita 90, na uzito wake kati ya kilo 6 na 8 hivi. Ilitengenezwa kwa mbao, kisha ikavishwa shaba nyembamba upande wa nje au ukingoni tu. Kilichoitofautisha na ngao nyingi ni namna ya kuishika. Ngao ya Kimasai, ile tunayoiona kwenye bendera ya Kenya, hushikwa kwa kiganja kwenye mpini ulio katikati, upande wa nyuma. Aspisi ilikuwa na pingu ya shaba katikati. Askari alipitisha mkono humo mpaka karibu na kiwiko, kisha akakamata kishikio kilichokuwa ukingoni. Hivyo uzito ulibebwa na mkono mzima, na ukingo uliweza kuegemea begani.

Sasa jaribu wewe mwenyewe. Kunja mkono wa kushoto mbele ya kifua, ukidhani kiwiko chako ndicho katikati ya ngao. Utaona sehemu kubwa ya ngao hiyo inatokeza nje ya mwili wako, kuelekea kwa aliyesimama kushoto. Upande wako wa kulia, wenye mkono wa mkuki, umebaki wazi. Anayeufunika ni jirani yako wa kulia, kwa ngao yake. Wanahistoria hawakubaliani wote juu ya jambo hili. Hans van Wees, kwa mfano, anaeleza kwamba askari akisimama kiubavu, ngao ilimkinga mwenyewe vizuri. Lakini waandishi wa kale wenyewe walilisisitiza sana suala la jirani.

Plutarch ametuachia kisa cha Demaratus, aliyekuwa mfalme wa Sparta. Aliulizwa kwa nini Wasparta wanamwaibisha anayepoteza ngao lakini hawamwaibishi anayepoteza kofia au vazi la kifuani. Akajibu kwamba vitu hivyo mtu huvivaa kwa ajili yake mwenyewe, lakini ngao huibeba kwa ajili ya safu nzima.

Safu hiyo ndiyo iliyoitwa falanksi. Watu walisimama karibu karibu, na kina cha mistari 8 kwenda nyuma kilikuwa cha kawaida.

Hopliti anayetoka mlangoni

Katika miji mingi ya Ugiriki hopliti hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa raia, mara nyingi mkulima mwenye shamba lake la shayiri, mizeituni au mizabibu, aliyejinunulia ngao na mkuki na kwenda vitani pale mji ulipomwita. Sparta ilikuwa na utaratibu wake: huko raia waliishi kwa jasho la maheloti, watu waliofanywa watumwa na kulimishwa, na kwa hiyo wenyewe walipata muda mrefu wa mazoezi.

Haya yote hayaonekani katika Age of Empires ya mwaka 1997. Mchezaji anajenga chuo, analipa chakula na dhahabu, na baada ya muda mfupi hopliti anatoka akiwa tayari. Mchezaji akiendelea, anaweza kuwapandisha daraja mahopliti wake, na kila mmoja akaitwa "Phalanx". Hapo sisi hucheka kidogo. Mtu mmoja hawezi kuwa falanksi, kama vile mchezaji mmoja hawezi kuwa timu.

Civilization ya mwaka 1991 ilifanya vivyo hivyo. Phalanx ilikuwa kipande kimoja kwenye ramani, chenye nguvu 1 ya kushambulia na nguvu 2 ya kujilinda, na kilipatikana baada ya taifa kujifunza ufundi wa shaba. Wachezaji wa zamani wanaikumbuka zaidi kwa kichekesho: kwa vile matokeo yaliamuliwa kwa bahati nasibu ya namba, mara moja moja mikuki hiyo ya kale iliweza kuishinda meli ya kivita ya karne ya 20. Hata hivyo, wazo la msingi halikuwa baya. Kikosi hiki kilikuwa kigumu kikisimama, na dhaifu kikitumwa kushambulia.

Mikuki iliyochanganywa

Gemu iliyowafanya watu waone safu kwa macho ni Rome: Total War ya mwaka 2004. Humo kila askari amechorwa, na vita moja inaweza kuwa na maelfu yao. Mchezaji akibonyeza kitufe cha falanksi, kikosi kinashusha mikuki pamoja na kuwa kama nungunungu. Kwa mbele hakikaribiki. Kinakwenda polepole, na kikivamiwa ubavuni au nyuma kinavunjika upesi.

Inapendeza kutazama, lakini kuna mchanganyiko ndani yake. Ule ukuta wa mikuki mirefu iliyoshushwa ni wa Masedonia, enzi ya Philip wa Pili, aliyeanza kutawala mwaka 359 KK, na wa wafalme waliomfuata. Mkuki wao, sarisa, ulikuwa na urefu wa kati ya mita 4 na 6, tena ulishikwa kwa mikono miwili, kwa hiyo ngao yao ilibidi iwe ndogo zaidi. Polybius anaeleza kwamba mikuki ya mistari mitano ya kwanza ilitokeza mbele ya kikosi. Hopliti wa zamani zaidi alikuwa na mkuki wa mita 2 hadi 2.5, akiushika kwa mkono mmoja, na wachoraji wa Kigiriki mara nyingi walimchora akiuinua juu ya bega. Chombo maarufu cha udongo kiitwacho Chigi, cha kati ya mwaka 650 na 640 KK hivi, ambacho sasa kiko katika makumbusho ya Villa Giulia mjini Roma, kinaonyesha mahopliti wa namna hiyo wakikutana, na nyuma ya mstari mmoja kuna kijana anayewapigia filimbi.

Rome II, iliyotoka mwaka 2013, iliwatenganisha: mahopliti na ngao zao upande mmoja, wenye sarisa upande mwingine. Hiyo ilikuwa hatua nzuri.

Lakini tazama ngao inavyohesabiwa. Katika Rome: Total War, kila aina ya askari ina namba ya ngao, nayo inamkinga mbele na kushoto tu. Ndiyo maana wachezaji wajanja hupenda kushambulia kutoka upande wa kulia wa adui. Watengenezaji walifikiri vizuri. Tatizo ni kwamba namba hiyo ni ya mwenye ngao peke yake. Jirani yake wa kulia akianguka, namba haipungui. Kile alichokisema Demaratus hakimo.

Ajabu ni kwamba kanuni iliyokaribia ukweli, kwa maoni yetu, imo katika gemu isiyoonyesha safu kabisa. Katika Civilization VI ya mwaka 2016, kikosi cha mahopliti kinaongezewa nguvu 10 kikiwa kimepakana na kikosi kingine cha mahopliti. Kikiwa peke yake hakipati kitu. Ni hesabu rahisi, lakini mchezaji anajifunza kwa vitendo kwamba hawa hawatumwi mmoja mmoja.

Siku ambayo amri haikutiiwa

Thucydides, aliyeandika historia ya vita kati ya Athens na Sparta, anaeleza jambo ambalo hakuna mchezaji wa gemu angelitarajia. Anasema majeshi yote yanapokwenda kukutana husogea kuelekea kulia bila kupenda. Kila mtu ana hofu na upande wake ulio wazi, basi anajibanza kwenye ngao ya aliye kulia kwake. Wa mwisho kabisa kulia naye anajivuta ili asizungukwe, na wote wanamfuata. Mwishowe kila jeshi linazidi jingine upande wake wa kulia.

Analieleza hili akizungumzia vita ya Mantinea ya mwaka 418 KK. Mfalme Agis wa Sparta aliona upande wake wa kushoto utazungukwa. Majeshi yakiwa karibu kugongana, akaamuru vikosi vya kushoto vijitenge na kusogea zaidi kushoto, kisha akawaagiza makamanda wawili, Hipponoidas na Aristocles, watoke upande wa kulia na watu wao wakazibe pengo lililoachwa. Makamanda hao hawakwenda. Agis akawaambia wa kushoto warudi, lakini muda ulikuwa umekwisha. Adui akaingia kwenye pengo na kuwapiga vibaya waliokuwa hapo. Sparta ilishinda mwishowe, kwa sababu sehemu iliyobaki ya jeshi iliwazidi waliosimama mbele yake. Wale makamanda wawili baadaye walihukumiwa kwa woga na kufukuzwa Sparta.

Linganisha na Total War. Mchezaji yuko juu kama mwewe, anaona uwanja wote, na anaweza hata kusimamisha vita ili afikiri. Akivuta mstari, kikosi kinakwenda pale pale alipoonyesha. Hakisogei kulia kwa hofu, na hakuna kamanda anayekataa. Agis alikuwa chini, miongoni mwa watu wake. Tungependa sana kuona gemu ambayo mchezaji anatoa amri kama ile kisha anasubiri kuona kama itatiiwa.

Field of Glory II ya mwaka 2017 imejaribu kidogo. Humo kikosi kinashuka ngazi kwa ngazi: kwanza mpangilio unavurugika, kisha kinagawanyika, kisha kinakimbia. Ardhi mbaya inaidhuru safu ya mahopliti kuliko inavyowadhuru askari wepesi. Na kikosi kikishinda kinaweza kumfukuza adui chenyewe, bila mchezaji kukiamuru. Aristotle aliwahi kutaja kwamba hata kuvuka mfereji mdogo kunaivunja falanksi. Aliyewahi kusukuma mkokoteni uliojaa mahindi kwenye shamba lililolimwa anajua ardhi inavyoharibu mipango.

Kina cha safu, na waliokufa

Mwaka 371 KK, huko Leuctra, Wathebe chini ya Epaminondas walipanga safu yao ya kushoto kwa kina cha watu 50, mbele ya Wasparta waliokuwa na kina cha watu 12 hivi. Sparta ilishindwa. Mfalme Cleombrotus aliuawa, pamoja na raia kamili wa Sparta wapatao 400 kati ya 700 waliokuwapo. Mpaka leo wanahistoria wanabishana wale wa nyuma walifanya nini hasa. Wengine, kama Victor Davis Hanson, wanasema walisukuma kwa ngao, wote kwa pamoja. Wengine, kama Peter Krentz, wanaona neno "kusukuma" halikumaanisha hivyo. Mtengenezaji wa gemu hawezi kusubiri ubishi uishe. Lazima achague upande mmoja na kuuandika kwenye programu, na mchezaji ataupokea kama ukweli.

Leuctra ilikuwa ya pekee. Krentz alikusanya hesabu za vita vya mahopliti na kupata kwamba kwa wastani washindi walipoteza kama asilimia 5 ya watu wao, na walioshindwa kama asilimia 14. Kwenye gemu kikosi mara nyingi kinapigana hadi nusu wamelala chini. Mkulima aliyekuwa na mavuno yanayomsubiri hakukaa mpaka hapo.

Kwa wenye simu

Rome: Total War ilifika kwenye simu za Android na iPhone mwaka 2018. Ni ya kulipia, na inahitaji gigabaiti kadhaa za nafasi, kwa hiyo simu ndogo haitaiweza. Civilization VI nayo ipo kwenye simu. Mwenye kompyuta anaweza kupata 0 A.D., gemu ya bure yenye mahopliti wa Athens na Sparta.

Ukiwa na Civilization VI, chagua Ugiriki. Weka vikosi viwili vya mahopliti kandokando na uangalie namba ya nguvu kabla ya kushambulia. Kisha kiondoe kimoja, usogeze hatua mbili, na uitazame tena namba ya kile kilichobaki.