Miliari au bilioni?

Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, milioni elfu moja ni miliari, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Dar es Salaam husema bilioni. Lakini bilioni ya Kifaransa ni kubwa mara elfu! Tuchukue mfano wa makuta, yaani pesa zetu wenyewe. Mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani ziligeuzwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Zidisha: zaire za zamani 300,000,000,000. Miliari 300, basi. Namba hiyo hugawanyika bila baki kwa namba 288 tofauti, ila 7 haimo. Watu saba wakigawana, inabaki zaire moja, ile ile iliyozaliwa mwaka 1967 ikiwa sawa na dola 2 za Marekani.